Kabla Hujamchimba Malkia: Kuwatambua na Kuwakusanya Sisimizi wa Nyumbani

Likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Kahama, bumu limekwisha, mvua za kwanza zimeanza kunyesha. Jioni moja mshkaji niliyesoma naye sekondari alikuja na simu mkononi. Siku hizi yuko kwenye machimbo madogo upande wa Geita, anapiga kazi ya karasha. Akanionyesha ujumbe uliokuwa unazunguka: anatafutwa malkia wa sisimizi, mkubwa, awe hai, kila mmoja awekwe kwenye kichupa chake peke yake, malipo ni kwa kichwa.

"Kaka, wewe si unasoma mambo ya wadudu chuoni?" akaniuliza. "Hebu niambie, hii ni dili au utapeli? Maana hawa wadudu wamejaa uwanjani kwetu."

Nilijifanya najua, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Sikuweza kumwambia sisimizi gani wako uwanjani kwao. Nisingeweza kumtofautisha malkia na dume. Na kuhusu sheria, sikujua hata pa kuanzia. Mwaka wa tatu huo, ndugu msomaji! Makala hii ni jibu ambalo ningempa jioni ile. Limegawanyika sehemu tatu: namna ya kuwatambua sisimizi wanaoishi nasi, namna ya kuwakusanya bila kuharibu, na kwa nini malkia si bidhaa ya kuchimba na kuuza.

Kwanza, sisimizi si mchwa

Hapa wengi tunateleza. Mvua ikinyesha, taa ya barazani inazungukwa na wadudu wenye mabawa na watoto wanaanza kukusanya. Wale wa kukaanga ni kumbikumbi, nao ni mchwa wenye mabawa. Lakini katika wiki hizohizo sisimizi nao hurusha malkia na madume wao, kwa hiyo kwenye beseni moja unaweza kuwa na makundi mawili yasiyo na undugu wa karibu. Mchwa yuko karibu na mende, sisimizi yuko karibu na nyigu na nyuki.

Angalia mambo matatu. Kiuno: sisimizi ana kiuno chembamba kama amefungwa uzi, mchwa ni mnene moja kwa moja. Vipapasio: vya sisimizi vina kiwiko, vya mchwa vimenyooka kama uzi wa shanga. Mabawa: kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana, sisimizi mwenye mabawa ana ya mbele makubwa kuliko ya nyuma.

Vile vichuguu virefu tunavyoviona njiani kuelekea Geita kwa kawaida ni kazi ya mchwa. Watafutaji wa madini katika nchi mbalimbali za Afrika huchukua sampuli za udongo wa vichuguu, kwa sababu mchwa hupandisha juu chembe za udongo kutoka chini sana. Sisimizi wengi hawajengi mnara. Nyumba yao utaitambua kwa tundu dogo lililozungukwa na kifusi laini, au kwa ufa ukutani wenye msafara wa kuingia na kutoka.

Wanaoishi nasi ni nani?

Majina ya Kiswahili ya sisimizi hayajatulia. Jina linalotumika Shinyanga kwa mdudu mmoja unaweza kulikuta Tanga kwa mdudu mwingine. Kwa hiyo tusianze na jina, tuanze na mwili. Hesabu vinundu kwenye kiuno: ni kimoja au viwili? Tazama kama wafanyakazi wote wana ukubwa mmoja au wapo wenye vichwa vikubwa. Halafu angalia wanakula nini, saa ngapi, na ukiwagusa wanafanya nini. Kwa maswali hayo peke yake utawatenganisha wengi wa hapa nyumbani.

Wadogo wa bakuli la sukari. Kuna sisimizi wa rangi ya manjano hafifu, urefu wa milimita mbili hivi, wanaopita kwenye nyaya za umeme, nyuma ya soketi na kwenye kabati la vyombo. Wataalamu wanamwita Monomorium pharaonis. Ana malkia wengi katika koloni moja. Ukimpulizia dawa ya kopo, koloni linaweza kugawanyika vipande na kila kipande kikaondoka na malkia wake. Ndiyo maana jikoni kwetu mama alikuwa akipuliza Jumamosi, Jumatano wanatokea sehemu tatu mpya. Anafanana naye kwa udogo yule mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe kama halipo, Tapinoma melanocephalum, ambaye pia ana malkia wengi. Dawa nzuri ya hawa ni kifuniko cha sukari kilichobana na meza iliyofutwa.

Wenye vichwa vikubwa. Dondosha kipande cha dagaa uani. Kama ndani ya dakika kumi wamekuja wafanyakazi wadogo wa kahawia, na katikati yao wachache wenye vichwa visivyolingana na mwili, hao ni kundi la Pheidole. Wana vinundu viwili. Wenye vichwa vikubwa kazi yao ni ulinzi na kupasua vyakula vigumu. Mmoja wa kundi hili tutarudi kwake, kwa sababu amefanya balaa Kenya.

Wakubwa wa usiku. Ukiwasha taa ya choo cha nje usiku unamkuta sisimizi mrefu, miguu ya rangi ya kahawia iliyopauka, tumboni ana mabaka ya manjano. Huyu ni wa kundi la Camponotus. Ana kinundu kimoja, hana mwiba, lakini anang'ata na kurusha tindikali. Huishi chini ya mawe, kwenye magogo makavu na hata ndani ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa uwanjani. Katika kujifunza kutambua sisimizi, ndiye mwalimu bora: ni mkubwa, haendi haraka sana, na koloni lake kwa kawaida lina malkia mmoja.

Majimoto. Hawa kila aliyewahi kupanda mwembe anawajua kwa maumivu. Wanashona majani mabichi kuwa kiota kwa kutumia hariri ya mabuu wao: mfanyakazi anamshika buu mdomoni na kumpitisha huku na huku kama gundi. Koloni moja linaweza kuwa na viota vingi kwenye miti kadhaa, na malkia yuko kwenye kimojawapo tu. Kwa hiyo anayekata kiota kimoja akidhani amepata koloni, amepata wafanyakazi wenye hasira. Zanzibar katika miaka ya 1950 watafiti waliona kwamba minazi yenye majimoto ilipona dhidi ya kunguni anayeharibu nazi changa, na wakulima wa korosho nao wana sababu ya kuwaacha kwenye mikorosho.

Siafu. Hawa hawahitaji utambulisho, ila kuna mambo mawili ambayo wengi hawajui. La kwanza, wafanyakazi wote wa siafu hawana macho. La pili, yule mdudu mnene wa kahawia, mfano wa kipande cha soseji chenye mabawa, anayegonga taa usiku wa mvua, ni dume la siafu. Malkia wa siafu hana mabawa na hawezi kuanzisha koloni peke yake; koloni hugawanyika mara mbili kama kijiji kinachohama. Siafu wakiingia ndani, toa mtoto mchanga, fungua kuku na mbuzi waliofungwa, halafu wewe kaa pembeni. Wakiondoka, mende nao wameondoka.

Sungusungu. Kwetu jina hili analijua hata asiyejali wadudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa pande za Kahama na Nzega walipochoshwa na wizi wa ng'ombe na mauaji, walijipanga wenyewe kulinda vijiji, na ulinzi ule ukaitwa Sungusungu. Jina ni la mdudu mweusi anayetembea kwa kundi na kuuma vikali. Kati ya sisimizi weusi wanaotembea hivyo huku kwetu yupo Megaponera, ambaye hutoka kwa msafara uliopangika kwenda kuvamia mchwa na kurudi amebeba mawindo. Mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Ivory Coast walionyesha kwamba sisimizi hawa huwabeba majeruhi wao kutoka vitani na kuwarudisha nyumbani, ambako hupata nafuu. Ukiwasikia wanatoa sauti kama ya kufyonza, usiweke mguu. Mwiba wao hauna utani.

Wavunaji. Hawa ndio waliokuwa wanatafutwa kwenye ule ujumbe. Sisimizi wavunaji, kundi la Messor, wanakusanya mbegu za nyasi na kuziweka ghalani chini ya ardhi. Utawajua kwa barabara: wanasafisha njia mpaka inaonekana kama kijia cha kuku, na pembeni ya tundu kuna lundo la makapi waliyokoboa. Wafanyakazi wana ukubwa tofauti, wakubwa wao wana vichwa vipana vya kusaga mbegu. Wa Afrika Mashariki anayependwa na wafugaji wa Ulaya ni Messor cephalotes, mkubwa kuliko wenzake wengi wa kundi hilo.

Walinzi wa miiba. Tukiacha uwanja wa nyumba tukaingia kwenye mbuga, namaanisha mbuga ya Kisukuma, ule udongo mweusi unaonasa viatu, tutakutana na migunga mifupi yenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Upepo ukivuma vinapiga mluzi. Ndani ya vinundu hivyo wanaishi sisimizi, na wengi wao ni kundi la Crematogaster. Tumbo lao lina umbo la moyo na wakikasirika wanalikunja juu ya mgongo. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, wao wanaufukuzia walaji.

Kusoma koloni kabla ya kuligusa

Kosa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa la haraka. Nilichimba tundu la Camponotus nyuma ya nyumba kwa jembe, nikajaza chupa ya maji ya lita moja na nusu udongo na sisimizi kama mia mbili, nikatoboa kifuniko, nikaiweka chini ya kitanda. Nilijiona mwanasayansi. Baada ya wiki tano wote walikuwa wamekufa. Malkia hakuwamo. Koloni lisilo na malkia haliongezi wafanyakazi wapya wa kulibeba. Waliopo wanazeeka, wanapungua, wanakwisha. Na lile lililobaki nyuma ya nyumba, nililolifumua kwa jembe, sikuliona tena.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua chochote, kaa chini uangalie. Weka chambo cha aina mbili kwenye vipande vya karatasi: tone la maji ya sukari na kipande cha dagaa. Andika nani amekuja kwanza, saa ngapi, wamefukuzana au wamegawana. Fuata msafara kurudi nyuma mpaka kwenye tundu. Hapo tazama kifusi: kina makapi ya mbegu, mabawa ya mchwa, au udongo mtupu? Rudi usiku na tochi. Fanya hivyo siku tatu mfululizo na utashangaa: uwanja uliokuwa na "sisimizi" tu, sasa una makoloni sita ya aina tano, na kila moja lina mipaka yake.

Piga picha tatu za mfanyakazi mmoja: kwa juu, kwa ubavu ili vinundu vionekane, na kichwa kwa mbele. Lenzi ndogo ya kubandika kwenye simu inatosha. Picha hizo zikiwa na tarehe na mahali zinaweza kupandishwa kwenye iNaturalist, ambako watu wanaojua sisimizi hukusaidia kupata jina.

Kuwakusanya

Kwa kazi nyingi za utambuzi huhitaji koloni, unahitaji wafanyakazi watano hadi kumi. Wachukue kwa brashi laini ya rangi au ubua uliolowanishwa, usitumie vidole. Waweke kwenye kichupa chenye spiriti safi ya maabara. Kama kundi lina wafanyakazi wadogo na wakubwa, chukua wote wawili. Ndani ya kichupa weka karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino wa kalamu unafutika kwenye spiriti: tarehe, kijiji na wilaya, mahali hasa (chini ya jiwe, ukutani, juu ya mwembe), na jina la aliyekusanya. Sampuli isiyo na karatasi hiyo ni uchafu tu, hata ingekuwa ya spishi adimu.

Malkia ni habari nyingine. Baada ya mvua za kwanza, malkia na madume huruka. Wakishapandana, dume hufa ndani ya muda mfupi. Malkia hutua, hukata mabawa yake mwenyewe, na hutembea peke yake akitafuta pa kujificha. Dume utamjua kwa kichwa kidogo, macho makubwa na mwili mwembamba. Malkia ana kifua kinene, kwa sababu ndimo ilimo misuli ya kurukia, na tumbo kubwa. Ukimwona anatembea bila mabawa, utaona pia makovu yalipokuwa mabawa.

Katika maabara malkia wa namna hii anawekwa kwenye mrija wa kioo. Theluthi ya mrija hujazwa maji, maji yanazibwa kwa pamba iliyobana, malkia anaingizwa, mdomo unazibwa kwa pamba nyingine. Mrija unalazwa gizani, mahali pasipotikisika. Malkia wa Camponotus, Pheidole na Messor hahitaji kulishwa mpaka wafanyakazi wa kwanza watoke: anaivunjavunja misuli ya mabawa yake na kuigeuza chakula cha watoto. Mayai, mabuu, pupa, halafu wafanyakazi wa kwanza, ambao ni wadogo kuliko kawaida. Safari hiyo huchukua wiki nne hadi nane hivi, kutegemea spishi na joto. Anayemchungulia kila saa anamtia hofu, na malkia mwenye hofu hula mayai yake. Mara moja kwa wiki inatosha.

Nimeeleza hili ili ujue kinachotokea ndani ya ardhi ya uwanja wenu, na ili ukipata nafasi ya kufanya mradi uufanye vizuri. Lakini usikimbilie mrija. Ongea kwanza na msimamizi wako idarani. Vibali vya utafiti nchini vinapitia COSTECH, na utafiti wa wanyamapori unaihusu TAWIRI. Mwalimu wako anajua mradi wako unaangukia wapi.

Pasipofaa kukusanya

Kwa sisi wa ukanda wa dhahabu kuna onyo la ziada. Kwenye mialo ya kuchenjulia, karibu na marundo ya marudio, na panapochomwa dhahabu, udongo unaweza kuwa na zebaki. Panapotumika sianidi hatari ni ya aina nyingine lakini si ndogo. Usichimbe tundu la sisimizi hapo kwa mikono mitupu, usichukue udongo huo nyumbani, na usimtume mdogo wako. Maduara yaliyoachwa nayo yanabomoka pembeni, hasa masika, na hakuna sisimizi anayestahili mtu kuzikwa.

Ndani ya hifadhi za wanyama na misitu usikusanye kitu bila kibali. Kwenye ngitili ya mtu au ya kijiji, omba ruhusa. Shinyanga iliwahi kukatwa miti mpaka ikawa inasemwa kama jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulianza mwaka 1986 na ukasaidia wananchi kuzirudisha ngitili. Ngitili zimerudi na nyasi, na nyasi zimerudi na mbegu ambazo wavunaji wanaishi kwazo. Si pa kuingia na jembe kama pori lisilo na mwenyewe.

Turudi kwenye ile dili

Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji, wenye umri wa miaka 19, walikamatwa Naivasha, Kenya, wakiwa na sisimizi wapatao 5,000, wengi wao malkia, ndani ya mirija zaidi ya 2,000 iliyozibwa kwa pamba. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa sambamba, Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja walikutwa na mamia. Miongoni mwa waliokamatwa na vijana wale alikuwamo Messor cephalotes. Kwenye soko la wafugaji Ulaya malkia mmoja wa aina hiyo ametajwa kufika hadi pauni 170. Tarehe 7 Mei mahakama iliyoko Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta ilimtoza kila mmoja wa wanne hao faini ya shilingi milioni moja ya Kenya, au kifungo cha miezi 12.

Zingatia lile neno "kila mmoja". Mkenya aliyekuwamo hakupewa punguzo kwa kuwa mwenyeji. Na katika biashara ya namna hii mwenyeji ndiye anayechimba, ndiye anayeonekana na majirani, ndiye anayelipwa kiasi kidogo kuliko wote. Pauni 170 haziishii Kahama wala Geita. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaujua mpangilio huu bila kufundishwa.

Kwetu je? Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, inapotafsiri neno "mnyama", inajumuisha pia wasio na uti wa mgongo. Kwa hiyo ile hoja ya kijiweni kwamba "huyu ni mdudu tu, si tembo" haitakuokoa mbele ya hakimu.

Weka sheria pembeni kidogo, tufikirie koloni lenyewe. Malkia wengi hawafiki hata usiku wa kwanza. Ndege, vyura, mijusi na sisimizi wengine wanawamaliza. Anayefanikiwa anaweza kuishi miaka mingi: malkia mmoja wa aina ya sisimizi weusi wa Ulaya alifugwa akaishi karibu miaka 29. Muda wote huo ndiye mama wa kila mfanyakazi. Ukimwondoa, humwondoi sisimizi mmoja. Unaondoa wapanda mbegu, wapasua udongo na chakula cha ndege, kwa miaka ambayo wewe utakuwa umeshamaliza chuo, umeoa na umesahau.

Kuna madhara upande wa pili pia, kule anakopelekwa. Kumbuka yule Pheidole mwenye kichwa kikubwa. Spishi moja ya kundi hilo husafiri na binadamu kwenye mizigo na udongo wa miche. Ilipofika Laikipia, Kenya, iliwaua sisimizi walinzi wa ile migunga ya miluzi. Tembo wakaanza kuivunja miti isiyo na ulinzi. Uwanda ukawa mweupe, simba wakakosa pa kujificha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 na Douglas Kamaru na wenzake ulionyesha kwamba sehemu ya pundamilia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 mwaka 2003 hadi asilimia 42 mwaka 2020, na simba wakageukia nyati. Mdudu wa milimita chache amebadilisha menyu ya simba! Kwa hiyo kanuni moja usiivunje hata kama ni mradi wa darasa: usimwachie sisimizi mahali tofauti na ulipomtoa. Wa Kahama asiachiwe Dar es Salaam kwenye maua ya hosteli.

Nilichomjibu mshkaji

Jioni ile nilimwambia anipe siku mbili. Kesho yake tukaenda naye uwanjani kwao na kifuniko cha maji ya sukari, dagaa, tochi na simu. Tukapata Pheidole, wale wa mabaka ya manjano, wadogo wa jikoni, na nje ya uzio barabara moja ndefu ya wavunaji, lundo la makapi limejaa pembeni ya tundu. Mama yake akatoka, nikamwamkia, "Mwangaluka mama," akaitikia huku anacheka kuona wanaume wawili wamelala kifudifudi.

"Hao hapo wameanza kabla hamjazaliwa," akasema. "Nilipoolewa hapa niliwakuta. Kuku wangu wanakula wanayomwaga."

Sikuweza kuthibitisha kama ni koloni lilelile kwa miaka yote hiyo, na sikubishana naye. Mshkaji alilitazama tundu kwa muda. Halafu akaniuliza malkia yuko chini kiasi gani. Nikamwambia inaweza kuwa mita au zaidi, na ukichimba kwa sururu una nafasi kubwa ya kumponda kuliko ya kumpata.

"Yaani ni duara jingine," akasema. "Unachimba, unaumia, halafu dhahabu anachukua mwingine." Akaufuta ule ujumbe palepale.

Sisemi shida yake ya pesa iliisha hapo. Jumatatu alirudi kwenye karasha. Lakini ile barabara ya wavunaji bado ipo nje ya uzio wao, na daftari langu lina ukurasa wenye tarehe, mahali, picha tatu na ramani ya makoloni sita iliyochorwa kwa penseli. Likizo ijayo nitarudi kuangalia ni mangapi bado yapo. Na wewe uwanjani kwenu yako mangapi?